Mwonjaji Asiyemeza

Maiti ilikuwa chini, kati ya meza na dirisha linalotazama ziwa. Miguu ilikuwa imejikunja, povu limekauka kidevuni, mkono mmoja umeng'ang'ania kona ya kitambaa cheupe cha meza. Juu ya meza, glasi sita za mvinyo na nne za bia zilisimama kwa mstari, kila moja na kikaratasi chake cha namba.

Inspekta Luhaga alisimama mlangoni akaziba pua. Si kwa ajili ya maiti, maana maiti alishaziona nyingi. Ilikuwa ni ile harufu ya pombe.

Ndivyo alivyokuwa, na askari wenzake wote walimjua. Miaka hamsini na mbili, Msabato wa kuzaliwa, hajawahi kulamba hata povu la bia. Chupa ya pombe ikiletwa ofisini kwake kama kielelezo, anaomba mwingine aishike. Walimtania sana kwa hilo, naye akawaacha wacheke.

"Vaa glovu, afande," Koplo Celestina alimwambia, akimpa pea mbili. "Vaa zote. Najua."

"Huyu ni nani?"

"Ishengoma. Hapa Hoteli ya Mawe Matatu wanamwita Mwalimu. Kazi yake ni kuchagua vinywaji."

"Kuchagua?"

"Anaonja, halafu anasema bia ipi na mvinyo upi unafaa kuuzwa kwenye joto letu hili. Hoteli kibao za ufukweni zilikuwa zinamwita. Leo alikuwa anachagua vya sikukuu za Desemba."

"Kwa hiyo ni mlevi mwenye cheti."

"Wala! Alikuwa hamezi. Anaonja, anazungusha mdomoni, anatema." Celestina alionyesha ndoo ya bati chini ya meza. "Ndoo ya kutemea ndiyo hiyo."

Luhaga aliinama. Ndani ya ndoo kulikuwa na maji mekundu yaliyochanganyika na ya njano. Karibu na mguu wa meza aliona kitu kingine: jani kavu lililosokotwa, refu kama kidole, limenyauka ncha moja. Uchafu tu, alifikiri, mfagizi kapitiwa. Lakini Luhaga ana tabia ya kuokota kila kitu, kwa hiyo akalitia kwenye mfuko wa plastiki akaandika namba.

Mwenye hoteli, Bwana Chenge, alikuwa akimsubiri kwenye korido, suti imemkaa vizuri, uso umemkauka.

"Inspekta, nashukuru wamekuleta wewe. Wewe huna mambo mengi. Lile la Igoma ulilimaliza ndani ya wiki moja."

Luhaga alikumbuka. Mwezi wa tatu, kijana mmoja wa Igoma alikufa kwa pombe ya kienyeji, akiwa amepofuka kwanza. Jalada lilikuwa jepesi.

"Nani alikuwa humu na marehemu?"

"Mtu mmoja tu, yule binti Gladness wa baa. Ndiye aliyepanga glasi, ndiye aliyemimina. Sasa mnataka nini tena? Mpelekeni mahakamani. Mimi nina harusi hapa Jumamosi."

* * *

Gladness Mashimba alikuwa na miaka ishirini na mitatu. Blauzi yake nyeupe ya kazi ilikuwa na madoa mawili mabichi kifuani. Luhaga aliyaona, akageuza macho haraka.

"Nanyonyesha, afande," alisema yeye mwenyewe. "Mtoto ana miezi mitano. Muda wake wa kunyonya umepita."

"Ataletwa. Nijibu kwanza. Nani alimimina?"

"Mimi."

"Saa ngapi?"

"Saa tatu na nusu nilianza kupanga. Saa nne akaanza kuonja. Tulikuwa na chupa saba za mvinyo na nne za bia."

"Saba na nne ni kumi na moja. Mezani kuna glasi kumi. Namba saba iko wapi?"

Gladness alizungusha bangili mkononi.

"Gladness, namba saba iko wapi?"

"Niliiosha."

"Mtu anakata roho, wewe unaosha glasi?"

"Niliiosha kabla! Alipoanza kutapika sikuwepo. Nilikuwa nyuma, naiosha. Ili... iliingia nzi."

"Nzi?"

"Nzi, afande."

Luhaga alimtazama. Ameshaongopewa na watu wazoefu, na huyu binti hakuwa mzoefu hata kidogo.

Jioni hiyo mkuu wake alimpigia simu. Chenge alishampigia mkuu huyo kwanza. Amri ilikuwa fupi: Alhamisi saa tatu asubuhi binti asomewe shitaka la mauaji. Na mauaji hayana dhamana. Kesi za aina hiyo huchukua miaka. Mtoto wa miezi mitano angekuja kumjua mama yake kwenye foleni ya kuona wafungwa.

Pale kaunta ya kituo, mama mkwe wa Gladness alikuwa amemleta mtoto, aliyekuwa akilia mpaka amepauka. Alimpitisha juu ya kaunta bila salamu, akasema kwa sauti ya kila mtu kusikia, "Nyonyesha. Ukienda gerezani, huyu ni wa kwetu, usije kumtafuta."

Gladness alimpokea mtoto akageukia ukuta. Luhaga alisimama pale kidogo, faili mkononi, halafu akaondoka.

* * *

Jumatano asubuhi Daktari Mayala alimpokea mlangoni mwa chumba cha maiti, miwani kichwani.

"Sumu ya wadudu," alisema. "Ile wanayopulizia pamba. Mboni zimekuwa kama tundu la sindano, mapafu yamejaa maji. Sina shaka."

"Aliionja kwenye mvinyo?"

"Sikiliza, Luhaga. Mtu akionja akatema, anaweza kuumwa. Huyu alikuwa nayo tumboni, tena nyingi. Alimeza. Kikombe kizima, si chini ya hapo."

"Lakini alikuwa anatema kila kitu."

"Hicho hakutema."

"Tumboni kulikuwa na nini kingine?"

"Chembe za mtama uliokaangwa, na harufu ya ndizi mbivu."

"Uji wa mtama na ndizi. Kifungua kinywa," Luhaga alisema, akaandika hivyo kwenye daftari lake. Hapo alijikwaa, na kama angekuwa peke yake angebaki amejikwaa.

Saa tano simu ya maabara ikaja. Majibu ya awali: chupa zote kumi na moja safi, glasi zote kumi safi. Ndoo ya kutemea nayo safi.

Haya, sasa! Kama ni hivyo, imebaki glasi moja tu duniani, ile iliyooshwa. Luhaga aliona wazi mkuu wake atakavyolisoma jambo hili: sumu ilikuwa namba saba, binti akaosha ushahidi, basi. Akashuka mahabusu mbio.

"Gladness, nisikilize vizuri. Glasi zote ni safi isipokuwa ile uliyoosha. Kesho asubuhi hiyo glasi ndiyo itakayokufunga. Sasa niambie tena habari za nzi."

Binti alijifuta uso kwa ncha ya kanga aliyoletewa.

"Nikisema, mama mkwe atajua?"

"Atajua nini?"

"Kwamba nilikunywa."

Luhaga alikaa chini kwenye benchi.

"Ulikunywa nini?"

"Namba saba. Mwalimu aliionja, akatema, akafumba macho, akacheka peke yake. Akasema, 'Gladness, huu wa Dodoma ndio mvinyo wa nchi ya joto. Mwepesi, mkavu kidogo, hauchoshi.' Afande, miaka miwili namimina vitu hivyo, sijawahi kuonja hata kimoja. Alipogeuka kuandika nikaichukua glasi nikaenda nayo nyuma. Nikaimaliza yote, halafu nikaosha. Mimi nanyonyesha, na tumeokoka nyumba nzima. Mama mkwe anatafuta sababu tu ya kuninyang'anya mtoto."

"Glasi ile ile aliyoonjea yeye?"

"Ile ile."

"Na hukuumwa tumbo? Wala kichwa?"

"Nilisikia usingizi tu." Akaangalia chini kwa aibu. "Ulikuwa mtamu."

Luhaga hakuwahi kudhani siku moja angefurahi kusikia mtu amekunywa pombe. Binti huyu alimaliza glasi nzima ya namba saba na yuko hai, ana njaa, ana aibu. Sumu haikuwa kwenye glasi yoyote.

"Huyo Mwalimu wenu alikuwa mtu wa namna gani?"

"Mkali, lakini wa kweli kwenye kazi. Alikuja kututoa ushamba. Alisema vitabu vinaandika mvinyo mwekundu unywewe kwa joto la chumba, lakini chumba chenyewe ni cha Ulaya, si cha Mwanza. Hapa uupoze kidogo. Bia nyepesi mchana, nyeusi ngoja jua lizame. Usiweke katoni chini ya bati, mvinyo unageuka siki. Na alitukataza kuuliza wateja, 'Ya moto au ya baridi?' Lakini afande, watu wetu si unawajua? Mtu jasho linamtoka na bado anataka bia ya moto."

Hata Luhaga alitabasamu.

"Kingine?"

"Alisema mvinyo mzuri usiuue kwa baridi. Mbovu ndio uupoze sana, mpaka ulimi ufe ganzi, mteja asijue anakunywa nini. Kwenye daftari lake, akiandika 'baridi sana', sisi tulishajua hiyo ni mbovu."

"Kabla ya kuanza kuonja, kuna mtu aliingia?"

"Sikuona. Ila saa tatu na nusu hivi alinituma barafu jikoni. Mashine ilikuwa imegoma, nikachelewa. Kama robo saa."

* * *

Celestina alikuwa mezani akiorodhesha vielelezo. Luhaga alimkuta ameinua ule mfuko mdogo wa plastiki, anautazama kwenye mwanga wa dirisha.

"Afande, hiki umekiokota wapi?"

"Chini ya meza ya marehemu. Takataka."

"Takataka?" Celestina, ambaye kwao ni Muleba, kwa Wahaya, alimtazama bosi wake kwa huruma. "Hili ni jani la mgomba. Limesokotwa hivi kuwa kizibo cha kibuyu. Kibuyu cha rubisi."

"Rubisi ni nini?"

"Pombe yetu ya ndizi, afande. Ndizi mbivu zinakamuliwa, unatia mtama uliokaangwa..." Hakumaliza, maana Luhaga alikuwa ameshafungua daftari lake na kufuta kwa nguvu maneno *kifungua kinywa*.

"Endelea."

"Sasa naelewa kwa nini hakutema," Celestina alisema polepole. "Kazini mtu atatema mvinyo wa Wazungu, wa Dodoma, wa popote. Lakini ndugu yako akikuletea rubisi ya nyumbani, kwa mkono wake, kwenye kibuyu, hutemi. Kuitema ni sawa na kumtemea aliyekuletea. Hata awe profesa, Mhaya hafanyi hivyo."

"Kwa hiyo ukimpa mtu rubisi yenye sumu, lazima aimeze?"

"Hapana, hapo sasa ndipo kuna kazi. Anayekupa anaonja yeye kwanza, mbele yako. Anavuta funda moja, anakuona unamwona, ndipo anakupa. Utaratibu huo umewekwa kwa sababu hiyo hiyo ya sumu. Asipoonja, hunywi. Mtoto mdogo anajua."

Walitazamana.

"Twende getini," Luhaga alisema.

Mlinzi wa Mawe Matatu, mzee Ngosha, alikuwa na daftari la wageni lenye jalada lililochakaa. Jumanne asubuhi hakukuwa na mgeni.

"Hakuna kabisa, mzee?"

"Mgeni hakuna. Alikuja mama wa ndizi tu. Huyo si mgeni, namwandika nyuma huku kwa watu wa jikoni." Akageuza daftari. Saa tatu na dakika ishirini, kaingia. Saa tatu na dakika hamsini, katoka. "Tangu daraja la Busisi lifunguliwe, ndizi zake zinakuja na lori mpaka Igoma, mbichi kabisa. Analeta Jumatatu na Alhamisi."

"Jana ilikuwa Jumanne."

Mzee Ngosha alikuna kidevu. "Kumbe!"

"Alibeba nini?"

"Kikapu. Sikuona mkungu, sasa ukinikumbusha. Tulisalimiana, akapita. Mama mpole yule. Tangu afiwe na mwanawe haongei sana."

Luhaga alisoma jina lililoandikwa kwa kalamu ya risasi. Prudencia. Igoma.

"Ni dada yake marehemu Ishengoma," Celestina alisema nyuma yake. "Dada mkubwa. Mama yao alikufa mapema, ndiye aliyemlea na kumsomesha. Nyumbani wote wanajua. Nilidhani nawe unajua, afande, ulimhoji ule mwezi wa tatu."

Luhaga alisoma tena neno Igoma. Akamrudishia mzee daftari, akaelekea kwenye gari.

* * *

Jalada la Igoma lilikuwa kabatini, kurasa kumi na mbili tu. Luhaga alilisoma akiwa amesimama.

Marehemu, Rwehumbiza, miaka ishirini na sita, fundi wa muziki kwenye sherehe. Alitoka kwenye sherehe ya kumuaga bibi harusi pale Igoma, usiku akalalamika macho, asubuhi haoni, siku ya tatu amekufa. Mama yake ni mpika pombe. Mama alidai kijana alikunywa mvinyo wa chupa uitwao Zabibu Nane, ambao Bwana Chenge alikuwa akiufungasha pembeni ya biashara yake ya hoteli. Mtaalamu wa vinywaji aliombwa maoni. Mtaalamu akaandika kwamba Zabibu Nane aliukagua mwenyewe, ni salama, na kwamba katika uzoefu wake madhara ya aina hiyo hutokana na pombe za kienyeji zinazopikwa majumbani bila usafi.

Sahihi: Ishengoma.

Na chini yake, kwa mwandiko mwingine, safi, wa mtu mwenye hakika: *Chanzo ni pombe ya mama wa marehemu. Jalada lifungwe.* Sahihi: Luhaga.

Akachukua daftari la kuonjea la marehemu, lililokuwa kati ya vielelezo. Lilikuwa la mwaka mzima. Alifungua mwezi wa pili. Mwandiko ulikuwa mdogo, wa haraka. *Zabibu Nane, chupa tatu. Umeharibikia stoo kwa joto. Umeongezwa spiriti, harufu kali, si ya kunywewa na mtu. Chenge anasema una wateja tayari.* Halafu mstari mmoja umerukwa, na neno la mwisho limeandikwa taratibu kuliko mengine.

*Baridi sana.*

Luhaga alifunga daftari. Aliwaza juu ya yule mama, siku sita mahabusu kwa kosa la kumuua mwanawe, na maiti ikasafirishwa kwenda Muleba bila yeye. Alikuwa ameomba ruhusa ya kwenda kuzika. Nani alimkatalia? Ewe Mungu wangu, si yeye mwenyewe?

* * *

Nyumba ilikuwa nyuma ya karakana za kuchomelea vyuma, pale Igoma. Mikungu ya ndizi ilikuwa imeegemezwa ukutani, imefunikwa magunia. Mwanamke mrefu, mwenye mvi zilizokatwa fupi, alikuwa akiosha kibuyu kidogo kwenye beseni. Alipowaona hakuacha kuosha.

"Shikamoo, mama," Luhaga alisema.

Mama Prudencia aliinua macho kutoka kwenye beseni.

"Marahaba. Umechelewa. Nilikutegemea jana."

"Unanikumbuka?"

"Naweza kukusahau wewe?"

Celestina alipiga goti kidogo, akamsalimia kwa lugha ya nyumbani, na mama alimwitikia kwa upole. Halafu akaelekeza viti viwili vya plastiki kwa kidole. Yeye mwenyewe alikaa kwenye ndoo iliyogeuzwa.

"Mama, sheria inanitaka nikuonye. Si lazima useme chochote. Utakachosema kitaandikwa na kinaweza kutumika mahakamani."

"Andika. Safari ile nilisema sana, hukuandika."

Luhaga alimpa Celestina kalamu yake. Celestina alifungua karatasi.

"Jumanne asubuhi ulikuwa wapi?"

"Mawe Matatu."

"Ulimpelekea nani rubisi?"

"Mdogo wangu Ishengoma."

"Ulitia nini ndani?"

"Dawa ya pamba. Nilinunua duka la pembejeo hapo barabarani. Kopo liko chini ya kitanda, sikulificha."

"Kwa nini, mama?"

Alicheka, kicheko kikavu kisichofika machoni.

"Wewe unaniuliza kwa nini? Haya. Mwezi uliopita nilipeleka ndizi kule hotelini. Dirisha la jikoni liko wazi, namsikia anawafundisha mabinti. Mvinyo mbovu, anasema, pozeni sana, ulimi ufe ganzi. Nikarudi hapa nikachukua ile chupa aliyokunywa mwanangu. Nilikuwa bado ninayo. Karatasi yake imeandikwa, 'Umechaguliwa na mtaalamu. Unywewe baridi sana.' Nikakaa nayo mapajani mpaka kuku wakaingia ndani."

"Ukamuuliza?"

"Nilimwita hapa, akaja. Nikamwambia, Ishengoma, ulijua? Akaanza kulia. Akasema, 'Dada, mimi niliutema tu. Chenge alinibana. Sikufikiri kama utamfikia mtu wetu.' Mtu wetu! Wa wenzetu angekufa, sawa. Yeye alitema, mwanangu akameza. Na baada ya hapo akakaa akaandika kwa mkono wake kwamba ni pombe yangu. Rubisi yangu ndiyo iliyomlipia ada yeye, tangu darasa la kwanza mpaka chuo. Ndiyo iliyomvika viatu. Akaiandika kuwa uchafu, na ninyi mkanifungia kwa huo uchafu, mwanangu akazikwa na majirani."

Sauti haikupanda. Celestina aliandika bila kuinua kichwa, chozi likadondoka kwenye karatasi, akalifuta kwa kiwiko.

"Nilikuletea ile chupa, Inspekta," mama aliendelea. "Kituoni, mezani kwako. Nikakuambia, ipelekeni ipimwe. Unakumbuka ulichonijibu?"

Luhaga alikumbuka. Alitamani asikumbuke.

"Sema, mwenzako aandike."

"Nilisema..." Alitazama viganja vyake. "Nilisema mimi sishiki chupa za pombe."

"Ndivyo ulivyosema. Ukanirudishia kwa kuisukuma na rula."

Karakana ya jirani iliacha kugonga vyuma.

"Mama, kuna jambo sijalielewa," alisema hatimaye. "Celestina ameniambia anayetoa rubisi huonja kwanza. Ulionjaje na usife?"

Mama Prudencia aligeuza kibuyu mkononi.

"Sikuonja."

"Na yeye hakuona?"

"Aliona." Hapo tu ndipo uso wake ulipovunjika. "Nilikitoa kwenye kikapu nikakishika hivi, kwa mikono miwili, mbele yake. Nikatoa kizibo, nikatia mrija. Akasubiri nionje. Mimi nikamtazama tu. Akasubiri tena. Nilijua angekataa, nilikuwa nimejiandaa akatae, ningekimwaga pale sakafuni nirudi zangu nyumbani, yaishe. Akaniita jina aliloniita alipokuwa mtoto. Akapokea. Akanywa yote, mpaka mrija ukalia, akanirudishia kibuyu kwa mikono miwili. Akaniambia, 'Nenda, dada, kabla yule binti hajarudi na barafu.' Halafu akajifuta mdomo, akaenda kupanga kalamu zake."

"Alijua," Celestina alinong'ona.

"Hakutema hata tone," mama alisema. "Mara moja tu maishani mwake."

Alishika kibuyu kifuani akalia, si kwa sauti. Luhaga hakujua ni yupi kati ya wale wawili aliyekuwa akimlilia, na hakuuliza.

Alitoka nje ya uzio akapiga simu mbili. Ya kwanza kituoni: Gladness Mashimba aachiwe sasa hivi, asisubiri kesho, na mama mkwe aambiwe kwamba binti hana hatia, asiambiwe lingine lolote. Ya pili kwa mkuu wake.

"Nahitaji hati ya kumkamata Chenge."

"Chenge? Kwa lipi?"

"Kwa mvinyo wa Zabibu Nane. Kifo cha Rwehumbiza, Igoma."

"Luhaga, jalada hilo lilifungwa."

"Najua, afande. Nililifunga mimi. Nakuja kuandika maelezo yangu, na mimi ni wa kuhojiwa humo."

Simu ikakatwa.

Aliporudi ndani, mama alikuwa ameweka chupa mezani. Ilikuwa na vumbi shingoni na kama vidole viwili vya mvinyo mwekundu chini. Celestina alinyoosha mkono kuichukua, kama alivyozoea kumfanyia.

"Acha," Luhaga alisema. Akavaa glovu, akaishika mwenyewe, akaitia kwenye mfuko, akaandika namba.

Mama Prudencia aliweka sahihi kwenye kila ukurasa. Mkono ulikuwa imara. Alipomaliza alikohoa, midomo imekauka, maana tangu wafike alikuwa hajaonja kitu. Luhaga aliona mtungi wa maji pembeni ya mlango. Akachota kikombe, akamletea, akampa kwa mikono miwili.

Hakupokea. Alimtazama usoni, akangoja.

"Kunywa, mama. Ni maji yako tu."

"Onja kwanza," alisema.

Luhaga aliinua kikombe akanywa funda moja, mbele yake, akahakikisha anamwona anavyomeza. Ndipo mama alipokipokea.